Nusu milioni kwenye nyasi za Central Park

Mmeuliza wiki hii: ni tamasha gani la wanamuziki waliorudiana ambalo linafaa kutazamwa mpaka mwisho? Jibu langu ni Paul Simon na Art Garfunkel, waimbaji wawili wa Marekani, kwenye bustani ya Central Park, New York, tarehe 19 Septemba 1981. Kuingia kulikuwa bure, na umati ulikadiriwa kuwa nusu milioni. Michael Lindsay-Hogg ndiye aliyeongoza kamera, na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, ikarusha kipindi Februari 1982.

Tazameni video, msiishie kwenye santuri. Santuri ina nyimbo 19. Wimbo uliokatwa ni “The Late Great Johnny Ace”, ambao wakati ule ulikuwa bado mpya: Simon anamwomboleza Johnny Ace, mwimbaji wa Marekani wa miaka ya 1950, na anafika kwenye kifo cha John Lennon wa Beatles, aliyepigwa risasi Desemba 1980 mbele ya jengo linalopakana na bustani hiyohiyo. Katikati ya wimbo, shabiki anaparamia jukwaa na kumwendea. Simon anarudi nyuma, walinzi wanamwondoa mtu yule, wimbo unaendelea. Kwenye video tukio lote lipo.

Sasa masikio. Vaeni hedifoni, maana spika za televisheni humeza besi na kuchanganya sauti mbili kuwa moja. Mara ya kwanza mfuateni Simon, sauti ya chini. Rudieni wimbo uleule mkimfuata Garfunkel juu yake. Garfunkel alitaka wawe wawili na gitaa kavu, kama zamani. Simon alitaka bendi, na bendi ikaja: wanamuziki 11, wakiwemo wapiga dramu wawili, Steve Gadd na Grady Tate, na wapulizaji wanne wa tarumbeta na saksofoni.

Mvutano huo unasikika. Nyimbo alizotunga Simon baada ya kuachana mwaka 1970 zilitungwa kwa koo moja. Maneno yamebanana na yanakwenda kwa kasi ya mazungumzo. Sikilizeni “Me and Julio Down by the Schoolyard”: sauti ya pili haina pa kutua, na Garfunkel anakuwa kama mgeni aliyekaribishwa chakula kimekwisha pakuliwa. Kwenye “Late in the Evening”, kwa upande mwingine, bendi inalipa gharama yake yote. Mdundo ule ni wa Gadd mwenyewe. Kwenye rekodi iliyotoka mwaka 1980 aliupiga akiwa na vijiti viwili kila mkono.

“Bridge over Troubled Water” ni ya Garfunkel na piano ya Richard Tee. Baada ya tamasha Garfunkel hakuridhika na uimbaji wake, na kwa kweli kuna noti anazozifikia kwa shida, lakini mimi nazipenda hivyohivyo. Kisha “The Sounds of Silence”, gitaa moja na sauti mbili. Wanapofika kwenye mstari unaotaja watu elfu kumi, labda zaidi, uwanja mzima unalipuka kwa shangwe. Hapo Garfunkel anashinda hoja yake ya gitaa kavu bila kusema neno.

Mkimaliza, tafuteni albamu ya Simon ya 1983, “Hearts and Bones”. Ilianza kama albamu ya wote wawili. Simon akafuta sauti za mwenzake, akaitoa peke yake. Wimbo wake wa mwisho ni “Johnny Ace”.