Misuli ya mtoto kukakamaa: mlivyouliza wiki hii

Mwanangu ana miaka 3, ana mtindio wa ubongo. Nikimvalisha suruali miguu inakaza na kupishana kama mkasi. Nimnyooshe kwa nguvu?

Hapana mama, usivutane naye, utashindwa wewe. Huu mkazo ukivuta haraka ndo unazidi, ukienda taratibu unaachia, manake ubongo haupeleki breki inavyotakiwa, kwa hiyo kila mvuto wa ghafla misuli inajibu. Kunja nyonga na goti kwanza, shika karibu na magoti siyo kwenye vifundo, tenganisha mapaja polepole afu tulia hapohapo. Utasikia mkononi kabisa paja linalegea. Ngumi hivyohivyo, kunja kiganja kuelekea ndani kwanza ndo ufungue vidole, na dole gumba lishike shinani, usivute ncha. Kwenye shati mkono unaokaza zaidi ndo utangulie.

Fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) tunaenda mara 2 kwa wiki, nusu saa nusu saa. Sioni mabadiliko.

Piga hesabu, wiki ina saa 168, wewe umetumia 1. Mie mwenyewe ni mtaalamu wa fizio na nakwambia, kuvutwavutwa dakika chache peke yake hakufiki mbali, kazi iko kwenye zile 167: anakaaje, analalaje, anabebwaje. Akikaa, makalio yafike nyuma ya kiti na nyayo zikanyage kitu, zisining'inie. Ukimbeba mweke ubavuni miguu ikumbatie kiuno chako huku na huku. Splinti (kile kifaa kigumu cha kushikilia mguu au mkono) avae masaa aliyopangiwa, siyo siku ya kliniki tu (tunajua, huwa zinanukia kabatini). Mifupa inarefuka na misuli haikimbii nayo sawa, ndo maana akirefuka ghafla anakaza zaidi. Na mazoezi ya nguvu, mfano kuinuka kwenye kistuli kufuata mwanasesere, hayaongezi mkazo, hiyo ni imani ya zamani.

Botoksi, ile sindano ya misuli, inaponya?

Haiponyi, inalegeza misuli iliyochomwa kwa miezi 3 hivi, afu inaisha. Hiyo miezi ndo ya kufunga hogo (plasta ngumu), kuvaa splinti na kufanya mazoezi kwa bidii, bila hayo mtoto kachomwa sindano bure.

Baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, ilimlegeza mpaka shingo haikai, nikaacha juzi.

Ongea na daktari leo leo, baklofeni ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege, inapunguzwa kidogokidogo. Ila ulichoona ni kweli, kuna watoto huo mkazo ndo wanausimamia, ukiuondoa wote anabaki kama kitambaa. Mwambie daktari hivyohivyo ulivyoniambia.

Wiki hii kakaza kuliko kawaida, usiku analia.

Kabla ya kuongeza dawa tafuta kinachomuuma. Choo kigumu, jino, maambukizi ya mkojo, splinti inayobana, ivue uangalie kama pana wekundu usiopotea baada ya dakika 20. Mie naogopa zaidi nyonga, kwa watoto wasiotembea inaweza kuchomoka polepole bila hata kulia, ndo maana eksirei inapigwa kila baada ya muda hata akiwa mzima tu. Akilia ukitenganisha mapaja wakati wa kubadilisha nepi, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke.