Kutafuta sarafu za zamani kwenye bustani ya watu wote, Lubumbashi

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuingia bustanini asubuhi na mashine ya kutambua chuma aliyokuletea mjomba wako, utafute makuta, yaani sarafu, ya zamani. Usianze bila karatasi. Nenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, uombe ruhusa ya maandishi, maana kwetu Katanga mtu anayechimba chini anadhaniwa mara moja kuwa anatafuta madini, na utaeleza mpaka jua lizame.

Ukipata ruhusa, acha jembe nyumbani. Kata nyasi kwa kisu pande tatu, uzifunue kama kifuniko, toa kitu, rudisha udongo, kanyaga. Bustani ni ya watoto wetu pia.

Uwe na subira: vifuniko vya bia vitaifanya mashine ilie mara nyingi kuliko sarafu. Lakini ukiokota kipande cha shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na nikeli) chenye tundu katikati, hiyo ni santimu ya wakati wa Wabelgiji. Faranga 2 ya 1943 ina pembe sita na picha ya tembo. Sarafu ya Katanga ya 1961, wakati ilipojitenga na Kongo, ina ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Mimi ningefurahi wiki nzima!

Tafadhali sana, usiisugue sarafu kwa ndimu wala mchanga. Ule ukijani unaoota juu ya shaba ya zamani ukitoka kwa nguvu, maandishi yanaondoka nao. Maji safi yanatosha.

Na ukikuta chuma kinachofanana na bomu, usikiguse. Weka alama, ondoka, waite polisi.