Kabla Hujatia Saini: Jibu kwa Mdogo Wangu Mkaguzi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Kitanzania aliyeajiriwa hivi karibuni kuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda kimoja hapa Texas. Baada ya shikamoo aliniuliza mambo mawili. La kwanza ni barua ya wito wa baraza la mahakama, yaani kuitwa kukaa na raia wengine kuamua kesi, ambayo imemfanya msimamizi wake anune tangu alipomwonyesha. La pili ni namna ya kumjibu msimamizi huyo huyo, ambaye kila mwisho wa mwezi humhimiza atie saini mzigo ambao hajamaliza kuupima. Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mawili, lakini kwangu mimi ni swali moja, na jibu lake nilililipia kwa aibu.

Mimi nakagua vipuri vya vali za visima vya mafuta hapa Houston. Miaka kadhaa iliyopita nilipangiwa zamu ya Jumamosi, siku ambayo Simba na Yanga walikuwa wanacheza saa kumi na moja jioni kwa saa za nyumbani, yaani saa tatu asubuhi kwa saa za huku. Mezani nilikuwa na pete za chuma 500 zenye tundu la milimita 100. Kwa utaratibu wetu, mzigo wa ukubwa huo hupimwa sampuli ya vipande 50. Kikipatikana kibovu kimoja mzigo unapita, vikipatikana viwili unarudishwa. Nikafungua mechi kwenye kompyuta ya kazini, nikaiweka pembeni ya fomu ya vipimo, nikajiambia kwamba masikio yatatazama mpira na macho yatatazama chuma.

Haikuwa hivyo. Pete zilikuwa zimetoka kwenye mashine muda mfupi tu, zingali na joto la kama nyuzi 40, wakati vipimo vyote vya kazi yetu huhesabiwa kwa nyuzi 20. Tundu la milimita 100 likiwa na joto hilo huonekana kubwa kwa takriban milimita 0.02 kuliko lilivyo, na kwa pete zile 0.02 ndiyo iliyokuwa tofauti ya kupita na kutopita. Mkaguzi aliyetulia angeziacha zipoe. Mimi nilipima 39 zikiwa za moto, na zile 11 za mwisho nikaziandikia namba zinazofanana na wenzake, kwa sababu kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Naandika haya kwa mara ya kwanza.

Mzigo ulirudi. Mteja alisema matundu ni madogo na kweli yalikuwa madogo. Meneja hakupiga kelele. Aliweka mbele yangu karatasi mbili, moja ikiwa fomu yangu yenye saa ya kila kipimo, nyingine ikiwa orodha ya kurasa za intaneti zilizofunguliwa kwenye kompyuta ile, nayo ina saa. Ukizilaza pamoja ulikuwa unauona mchezo mzima hadi dakika za majeruhi. Nilipewa onyo la maandishi. Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: kompyuta ya kazini ni ya mwajiri, na kila unachofungua huenda kinahifadhiwa mahali. Simu yako nayo iache kabatini, maana hata isipotunza rekodi itakuibia macho.

Onyo hilo lilinipita. Kilichoniuma, na kinachoniuma mpaka leo, kilikuja miezi minne baadaye, nilipokataa mzigo mbovu kwa haki kabisa, nikiwa na vipimo sahihi mkononi, na msimamizi wangu akanijibu mbele ya mafundi wote: “Si wewe uliyekuwa ukitazama mpira?” Watu wakacheka, na mimi nikatia saini. Mzigo ule haukurudi, kwa bahati tu, lakini nilijua tangu siku hiyo kwamba “ndiyo” yangu haina bei, kwa kuwa nimekwisha kupoteza “hapana”.

Barua yangu ya wito, ya mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, ilinikuta katika hali hiyo. Msimamizi alitaka nitafute udhuru. Mdogo wangu, usiitupe barua hiyo. Anayepuuza wito wa mahakama ya shirikisho anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 au kufungwa hadi siku tatu, na sheria inamkataza mwajiri kumfukuza au kumtisha mfanyakazi kwa sababu ya utumishi huo. Ikiwa bado una kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, jaza fomu useme ukweli kwamba si raia, utaondolewa kwenye orodha ya baraza. Usithubutu kujiandika raia. Na weka akiba kidogo, kwa sababu mahakama hulipa dola 50 kwa siku, na sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kukulipa siku hizo.

Nilichaguliwa katika kesi ya jinai ya ankara za uongo iliyokwenda siku saba. Kwetu tuliwajua wazee wa baraza, waliokuwa wakikaa na jaji wakatoa maoni ambayo jaji hakufungwa nayo. Hapa watu 12 ndio wanaoamua, na lazima wakubaliane wote. Kila jioni jaji alituonya kwamba tusitafute chochote kuhusu kesi kwenye intaneti, tusisome habari zake, tusimsimulie hata mke. Tuamue kwa ushahidi uliowekwa mezani tu. Nilijicheka moyoni: mimi, niliyeshindwa kuvumilia dakika 90 bila kufungua ukurasa, nilikaa siku saba sijaandika jina la mshtakiwa popote.

Ijumaa alasiri, katika chumba cha mashauriano, wenzangu 11 walikuwa tayari na foleni ya magari ilikuwa inawasubiri. Kwa shitaka moja mimi sikuwa nimeridhika. Tarehe za ankara mbili zilikuwa hazinikai sawa. Nikasema, “Bado.” Mama mmoja alishusha pumzi kwa nguvu. Tukaomba vielelezo, tukavipitia karatasi kwa karatasi kwa karibu saa mbili, na mwisho nikaona kwamba wao walikuwa sahihi na mimi nilisoma vibaya, nikakubaliana nao. Hakuna aliyenicheka. Yule mama alinishika bega tulipokuwa tunatoka.

Nililorudi nalo kazini ni neno hilo moja, “Bado.” Pete na mchoro wake ndio ushahidi. Lori linalosubiri nje, hasira ya mteja na bonasi ya msimamizi si ushahidi. Wapo wanaodhani ni ukaidi mdogo wa watu wa vipimo. Januari 5, 2024, ndege ya Alaska Airlines iliyotoka Portland ilipoteza kipande cha ukuta angani, na wachunguzi wakakuta kwamba boliti nne za kukishikilia hazikuwepo, kwa kuwa kiwandani kilifunguliwa bila kazi hiyo kuandikwa. Kisichoandikwa hakikaguliwi, ndugu zangu, na kilichoandikwa kwa uongo ni kibaya zaidi.

Kwa hiyo, msimamizi akikuhimiza, usigombane naye. Funga lebo nyekundu ya mzigo uliokataliwa, andika namba ulizozipata na saa uliyozipata, kisha mpe kalamu. Kama mhandisi mwenye mamlaka anaona mzigo unafaa hivyo hivyo, aandike na atie saini yake mwenyewe. Mwezi uliopita nilimpa wangu kalamu. Aliishika muda mrefu, akaitazama lebo, akairudisha mezani, akaenda kupiga simu kwa mteja kuomba siku mbili.

Jumamosi iliyofuata watani walikuwa wanacheza tena. Matokeo niliyajua saa sita mchana, kwenye maegesho, nikiwa na chapati mkononi.