Jibu lilikuja kabla sijazima simu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina shahada ya uhasibu, na tangu nihitimu sijapata kazi. Juzi usiku niliomba nafasi katika tovuti ya kampuni moja, na kabla sijazima simu nikajibiwa kwamba sikufaulu. Mwenzangu asema ni akili unde inayotuchuja, ati ninakili tangazo zima chini ya wasifukazi kwa maandishi meupe, mashine iyaone na binadamu asiyaone. Nifanye hivyo?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifanye. Mifumo mingi ya kupokea maombi huyasoma maandishi yote na kumwonyesha afisa bila rangi zake. Nimeajiri watu miaka mingi, na niliyemkuta na hila sikumwita, hata awe hodari.

Jibu la kasi hiyo mara nyingi hutokana na maswali ya fomu: una CPA, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu? Una uzoefu wa miaka mitatu? "Hapana" moja yatosha kukutoa, na wasifukazi wako haujasomwa na yeyote. Rudi uangalie ulivyojibu. Kisha taja mambo kwa jina lililo kwenye tangazo. Wakitaka QuickBooks nawe waijua, andika QuickBooks. "Programu za uhasibu" haitoshi.

Wala usijione hufai. Kuanzia 2014 kampuni ya Amazon ilijaribu programu ya kuwapa waombaji alama. Iliifunza kwa wasifukazi wa miaka kumi, wengi wao wa wanaume, nayo ikajifunza kuwashusha wanawake. Waliitupa, na shirika la habari la Reuters likaeleza habari hiyo 2018. Mashine hufuata mkono wa waliokuwa wakiajiri kabla yake, na hilo laniuma, kwa sababu wanaoachwa nje ni walewale.

Hapa Kenya una sheria. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Kina vighairi, kimojawapo ni idhini yako mwenyewe, kwa hivyo kile kisanduku cha "nakubali" kisome kabla hujakibonyeza. Iandikie idara ya rasilimali watu kwa adabu: taja nafasi, tarehe uliyoomba na kifungu hicho, uliza kama uamuzi ulifanywa na mashine tupu, na uombe mtu aupitie upya. Wakikunyamazia, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko. Weka nakala ya kila barua.