Swali la Kazi: Nimepewa kikombe, kandarasi imekatwa

Mwalimu habari yako, naomba unisaidie manake hapa kwetu watu wamechanganyikiwa kabisa. Mimi ni mhadhiri kwenye chuo kikuu cha binafsi hapa Kenya, nimefundisha hapo miaka 11, ajira ya kudumu. Mwezi uliopita, Ijumaa jioni watu washaanza kutoka, HR akatutumia sera mpya ya ajira kwa emaili, kurasa 23, eti kuanzia muhula ujao kila mhadhiri atakuwa kwa kandarasi ya mwaka mmoja na kuongezewa itategemea wanafunzi wangapi wamejisajili kwa kozi zake, na tuwe tumesaini kufikia Jumatano. Seneti ilipokaa tukadhani tutaijadili, VC, yaani mkuu wa chuo, akasema hiyo imeletwa mjue tu, si ya kujadiliwa, ajenda ikapita dakika nne hivi. Tuna chama chetu cha wahadhiri, tumechagua mwenyekiti na katibu na tunachanga mia tano kila mwezi, lakini utawala unasema haukitambui. Kichekesho ni kwamba wiki hiyo hiyo kulikuwa na sherehe ya kutambua wafanyakazi, nikaitwa mbele nikapewa kikombe cha chai kimeandikwa "Asante kwa Miaka 10", na klemu zangu za madarasa ya jioni za mihula mitatu hazijalipwa hadi leo. Sera ya ajira inaweza kupita bila Seneti? Wanaweza kukataa kututambua? Na nisaini ama nisisaini?
Mwenye Kikombe, Bonde la Ufa

Daktari pole sana. Acha nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo lina haraka.

Usisaini kitu ambacho hukubaliani nacho, lakini pia usinyamaze, kunyamaza ndiko kunakomaliza watu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inasema mwajiri akitaka kubadilisha masharti yaliyo kwa barua yako ya kazi lazima ashauriane na wewe na akujulishe kwa maandishi. Emaili ya Ijumaa jioni yenye dedilaini ya Jumatano si mashauriano. Andika barua fupi, ukurasa mmoja unatosha: nimepokea sera, sikubali masharti yangu ya ajira yabadilishwe hivi, naomba kikao. Ipeleke ofisini kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri, usitegemee emaili pekee, emaili za chuo zina tabia ya kupotea siku ukifungiwa akaunti.

Sasa hii kandarasi ya mwaka mmoja, uielewe vizuri. Ukiwa wa kudumu na kozi yako ikose wanafunzi, chuo hakiwezi kukuambia tu kwaheri. Kuna kifungu cha 40 cha sheria hiyo hiyo, kinachohusu kupunguza wafanyakazi: notisi ya mwezi mmoja kabla, afisa wa leba ajulishwe, wachague nani anaenda kwa vigezo vya haki, halafu wakulipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Wewe miaka 11 ni siku 165 hizo, kabla hata ya likizo na malimbikizo mengine. Lakini ukiwa kwa kandarasi ya mwaka, mwaka ukiisha imeisha, na mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba kandarasi ya muda maalum ikifika mwisho mfanyakazi kwa kawaida hana haki ya kutarajia iongezwe. Hakuna notisi, hakuna siku 165. Hapo ndipo pesa ya hii sera iko, kurasa zile zingine 22 ni maua tu.

Kuhusu Seneti nitakuudhi kidogo. VC wenu hajakosea kabisa. Kazi ya Seneti ni masomo: mitaala, mitihani, nani anafuzu. Mambo ya kuajiri, mishahara na sera za wafanyakazi ni ya Baraza la chuo, na kwa chuo cha binafsi kuna pia wadhamini juu yake. Wahadhiri wengi huenda Seneti kupigania mikate yao halafu wanashangaa wakiambiwa si mahali pake. Ila soma mkataba wa kuanzishwa kwa chuo chenu na kanuni zake, ile hati inayoitwa chata, maana vyuo havifanani na vingine vimeandika wazi kwamba Seneti itatoa maoni kuhusu vigezo vya kuajiri na kupandisha vyeo. Halafu kuna hoja moja ambayo ni ya Seneti bila ubishi: ukisema mhadhiri anabaki kulingana na idadi ya wanafunzi, unaamua pia kozi gani zife. Falsafa, Kiswahili, hisabati tupu, hizo zitaenda kwanza. Hilo ni suala la masomo. Mtu aliombe liingie kwa ajenda kwa maandishi, na mhakikishe minitsi za kikao kile zinasema sera haikujadiliwa, msije mkasoma baadaye kwamba "Seneti iliidhinisha". Nimewahi kuona hiyo, na watu walikuwa wamepitisha minitsi wakiwa wanaangalia simu.

Tuje kwa kutambuliwa. Hicho chama chenu kimesajiliwa wapi? Kama ni kikundi cha kuchangiana tu, utawala una haki ya kusema haukitambui na hata jaji atawaambia hivyo. Kinachotambuliwa ni chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa na msajili wa vyama hivyo. Kwa hivyo ama mnajiunga na chama ambacho katiba yake inawaruhusu, ama mnaanza safari ndefu ya kusajili chenu. Mkishakuwa ndani ya chama hesabu ni rahisi, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 54: chama kikiwakilisha wengi wa wafanyakazi wanaoruhusiwa kuwa kwa chama, mwajiri lazima akitambue, neno ni lazima. Tuseme mko wahadhiri 64. Toa wakuu wa vitivo na wakurugenzi saba ambao huhesabiwa menejimenti, mnabaki 57, mnahitaji 29. Si makofi ya mkutanoni wala emoji za dole gumba kwa grupu, ni sahihi 29 kwa Fomu S, ile ya kukubali ada ikatwe kwa mshahara. Wa patitaimu chuo kitabisha kwamba si waajiriwa, kwa hivyo hesabuni wa kudumu kwanza. Mwajiri akikataa, mnaenda kwa upatanishi wa Wizara ya Leba, ikishindikana Mahakama ya Ajira. Na mtu asiwatishe, kuwa mwanachama si sababu halali ya kufutwa kazi, kifungu cha 46 cha ile Sheria ya Ajira.

Mjue tu karatasi hizi hazikushuka kutoka mbinguni. UASU, chama cha wahadhiri wa vyuo vya umma, kilipigwa marufuku na serikali ya Moi 1980, wahadhiri wakajaribu kukisajili tena 1993 wakanyimwa, wakagoma karibu mwaka mzima, viongozi wao wakafutwa kazi, na usajili ukaja 2003. Na hata ukitambuliwa kazi haijaisha, 2025 waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021.

Klemu zako ziandikie barua ya kudai wiki hii, madai ya kazi kwa kawaida yana miaka mitatu tu kisha yanakufa. Kikombe kaa nacho, chai haina kosa.

Mwalimu, shikamoo. Sisi huku Dar tuna jumuiya ya wanataaluma chuoni, inasikika sana na utawala unaiita kwenye vikao, sasa wenzangu wanasema hakuna haja ya chama cha wafanyakazi. Ni kweli?
Msaidizi wa Mhadhiri, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Wanachanganya kuitwa kikaoni na kujadiliana mshahara. Jumuiya kama UDASA, ile ya wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, ina heshima yake, imesema mengi ambayo wengine waliogopa kusema, lakini mkataba wa hali bora unasainiwa na chama kilichosajiliwa, na ndiyo maana THTU, chama cha wafanyakazi wa taasisi za elimu ya juu, ipo. Sheria yenu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 67, inataka chama chenye wanachama wengi kwenye kitengo husika ndicho kitambuliwe kama wakala pekee wa majadiliano. Chama kinampa mwajiri notisi kwa fomu, naye ana siku 30 za kukutana nacho, asipotokea mnaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kaeni kwenye zote mbili, ila hiyo fomu aipeleke katibu mwenyewe na arudi na nakala yenye muhuri na tarehe, manake siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.