Vidung'ata wamerudi kwenye zabibu, je, dawa ni feki?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nina ekari moja ya zabibu hapa Hombolo, Dodoma. Mwezi wa saba nilipiga dawa ya vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe kama unga wanaofyonza mzabibu, shamba likatulia. Mwezi wa kumi na moja nikapiga ileile, kipimo kilekile, lakini haukupita muda mashina yakawa meupe tena. Nimeuziwa dawa feki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dawa feki zipo, lakini kabla hujaenda kugombana na mwenye duka, angalia joto kwanza.

Mdudu hana joto lake mwilini, anakua kwa joto la mahali alipo. Huko Afrika Kusini watafiti walimpima kidung'ata wa mzabibu, Planococcus ficus, wakaona chini ya nyuzi 16.6 hakui, na juu ya 35.6 vilevile. Kinachomkuza ni zile nyuzi zinazozidi 16.6. Sasa piga hesabu. Dodoma mwezi wa saba, ukichanganya usiku na mchana, wastani ni kama nyuzi 20: anapata 3.4 kwa siku. Mwezi wa kumi na moja wastani unakaribia 25: anapata 8.4. Joto limepanda nyuzi 5 tu, kasi yake imezidi maradufu! Natamani kila mkulima wa zabibu aijue hesabu hii.

Halafu chukua kisu ubandue gamba la shina. Utakuta vifuko vyeupe kama pamba. Kimoja kinaweza kuwa na mamia ya mayai ya manjano. Dawa yako haikuyafikia. Mwezi wa saba yanachelewa kuanguliwa, nawe unaona shamba limepona. Kwenye joto yanaanguliwa upesi, na watoto wanakua upesi.

Kwa hiyo usisubiri joto. Ukishapogoa mwezi wa tisa, bandua magamba yaliyolegea, uyatoe shambani uyachome. Fuata sisimizi: wanapopanda na kushuka kwenye shina, vidung'ata wapo, maana sisimizi wanalamba utamu unaotolewa na vidung'ata na kuwafukuza wadudu wanaokula vidung'ata. Piga dawa unapoona watoto wanatambaa, si kwa sababu tarehe imefika. Mwezi wa kumi na moja kagua kila wiki. Usirudie dawa ya aina moja mfululizo, watazoea.

Gamba likiwa safi na mzabibu bado unadhoofu, fukua kidogo kwenye mizizi. Huko nako wanajificha.