Naxos, Santorini na Krete: turuke au tupande meli?

SWALI: Mjomba, shikamoo. Ninaishi Hamburg, na Agosti nampeleka mama yangu Ugiriki kwa siku kumi. Tukishafika Athens tunataka Naxos, Santorini na Krete, kisha turudi Athens kupanda ndege ya Ujerumani. Mama magoti yanamsumbua na bahari humtapisha. Wenzangu wananishauri twende kila kisiwa kwa ndege. Ni sawa? (Zuhura, Hamburg)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wana huruma na mama, lakini ushauri wao utamchosha zaidi. Kati ya visiwa hivyo, karibu ndege zote hupitia Athens. Kutoka Naxos kwenda Santorini kwa ndege ni kurudi Athens kwanza, mkae uwanjani, ndipo mruke tena. Meli inakwenda moja kwa moja, saa mbili hivi.

Mimi ninaishi Piraeus, bandari ya Athens, tangu nilipoacha ubaharia, na kila Agosti nawaona wageni wamekalia masanduku yao bandarini, jua linawaka, mbingu haina wingu, hawaelewi kwa nini chombo hakiondoki. Ni meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma kwa nguvu Julai na Agosti. Hauji na mvua wala giza. Ukizidi, serikali huzuia vyombo kutoka, na boti ziendazo kasi ndizo huzuiwa kwanza. Hata zikiruhusiwa, nyingi abiria hukaa ndani muda wote, hakuna pa kupunga hewa. Mama asiione boti hiyo!

Mkatie meli kubwa inayobeba magari. Hadi Naxos ni saa tano na kitu, polepole, lakini anaweza kutembea, kula, kukaa nje kwenye staha. Nyingi zina ngazi za umeme kutoka sehemu ya magari. Akae katikati ya meli, si mbele, na dawa ya kichefuchefu aimeze kabla ya kung'oa nanga. Muulizeni mfamasia ipi inamfaa. Mkikaribia kisiwa, teremkeni hadi sehemu ya magari mara mnapotangaziwa, kwa sababu meli haikai gatini: dakika chache tu, mlango unapandishwa.

Kutoka uwanja wa ndege wa Athens, treni ya metro inafika Piraeus bila kubadilisha tangu 2022, kama saa moja. Mageti ya bandari yanaanzia E1 hadi E12 na mengine yako mbali mno kwa magoti ya mama. Hakikisha geti lako siku moja kabla.

Sasa Krete. Iacheni safari hii. Kutoka Santorini wakati wa kiangazi wengi huvuka kwa hizo boti za kasi, bahari wazi, na upepo ndio huo. Isitoshe Krete ina urefu wa kilomita 260 hivi. Siku mbili ni kuionjea dirishani tu.

Santorini ndipo ndege inapofaa: mpaka Athens haifiki saa nzima. Ila rudini angalau siku moja kabla ya safari ya Ujerumani, maana meltemi husumbua hata viwanja vya visiwani. Meli ikizuiwa na hali ya hewa utarudishiwa nauli au kupewa safari nyingine. Ndege ya Hamburg haitawasubiri.